Moto wa Kiangazi: Tuchome Mwezi Gani?

Baba na mama, vijana, asanteni kwa kuja. Mmeniita nieleze namna ya kukomesha moto wa pori unaotuzunguka hapa Lubumbashi. Sitaeleza hilo, maana hautakoma. Mvua ikikatika mwezi wa nne, inarudi mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na nyasi zote zimeshakauka. Anayewinda simbiliki, yaani ndezi, atawasha. Anayesafisha shamba atawasha. Tanuru la makala, yaani makaa ya kupikia, litaachwa bila mlinzi usiku mmoja tu. Makatazo yapo tangu enzi ya Wabelgiji, na pori linaungua kila mwaka.

Basi tuulize: linaungua mwezi gani?

Kule Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, walianza jaribio mwaka 1933. Walitenga vipande vya miombo: kimoja kikakingwa na moto, kingine kikachomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine mwishoni. Miaka ilivyopita, palipochomwa mwishoni miti karibu yote iliisha, zikatawala nyasi. Palipochomwa mapema miti iliendelea kusimama. Si ajabu. Mwezi wa tano na wa sita nyasi bado zina ubichi, moto unatambaa chini, na umande wa usiku unauzima. Mwezi wa tisa jua ni kali, upepo umeamka, na mutondo, mti wa miombo, tayari umechipua majani mapya. Moto ukiukuta hivyo unaunguza mpaka machipukizi, na watoto wa miti wanakufa. Wanaookota viwavi wanalijua hili kuliko sisi wa vyuoni.

Kwa hiyo tuchome mapema? Ndiyo, lakini wenzangu wa misitu wakifika hapa wananyamaza, nami sipendi wanavyonyamaza. Nyasi zenye ubichi zinatoa moshi mzito. Na mwezi wa sita ndio wa baridi: usiku hewa baridi inalala chini, ya vuguvugu inaifunika juu, moshi unakosa pa kupandia. Ndiyo maana alfajiri za Katuba na Kenya, mitaa ya hapa mjini, macho yanawasha, na moshi wa majiko ya makala unaongezeka humo humo. Tunaokoa mti, tunamkohoza mtoto. Kwa maoni yangu njia ni kuchoma vipande vidogo vidogo, saa saba au saa nane mchana, wakati jua limeshaifungua hewa, upepo ukiwa mdogo na unaelekea mbali na nyumba, watu wakiwa na matawi mabichi mkononi. Na kuhakikisha moto umezimika kabla jua halijatua.

Mama pale mbele anauliza kama kitambaa chenye maji kinasaidia. Mama, kinazuia majivu unayoyaona. Chembe zinazoingia ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinapita kwenye kitambaa. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, inazizuia ikibana vizuri usoni. Usipoipata, funga madirisha upande wa moshi, jiko la makala libaki nje, na mwenye pumu asilale mbali na dawa yake.

Majivu uani usiyafagie makavu, nyunyizia maji kwanza. Na mvua ya kwanza inaosha mabati: maji yale mwaga, ukinge yale ya mvua zinazofuata.