Ukienda Baharini, Tazama Mwezi

Mabibi na mabwana, niwaulize: mkipanga kwenda baharini asubuhi na kurudi jioni, huwa mnaangalia nini kwanza? Wengi mtasema mvua. Mimi naangalia mwezi.

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hilo ndilo bamvua. Katikati yake ni maji mafu, yasiyokwenda mbali. Mwenye siku moja tu ya mapumziko na achague bamvua, maana miamba inayofunikwa siku nyingine huanikwa juani siku hizo. Halafu kuna saa. Pwani nyingi maji hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Zidisha kwa siku saba: Jumapili iliyopita saa nne ulikuta maji yako mbali, Jumapili hii saa nne hiyohiyo utayakuta yamejaa.

Fika maji yangali yanatoka, uyafuate. Chuchumaa kando ya kidimbwi mwambani, kivuli chako kisiangukie maji, utulie. Kombe la konokono ulilodhani tupu litatikisika, litoe miguu, lianze kutembea. Ni kaa mwenye tumbo laini, amehamia nyumba ya marehemu, na akinenepa atatafuta kubwa zaidi. (Ndiyo maana kwangu hamtakuta makombe kabatini.) Ukiinua jiwe, lirudishe lilivyokuwa, walio chini yake jua litawaua.

Wale ndege wanaodonoadonoa matopeni, watoto wasiwafukuze. Wengine wanajaza mafuta ya safari. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii hiyo, mwenye umri wa miezi mitano tu, alifuatiliwa kwa satelaiti kutoka Alaska hadi Tasmania: kilomita 13,560, siku 11, bila kutua.

Sasa kurudi. Maji yakianza kujaa huja polepole, mtu akajisahau. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa ndizo mbaya. Kwa kawaida nusu ya maji yote hupanda humo. Mimi yaliwahi kunizunguka mwambani nikichungulia pweza shimoni. Nilivuka maji yakiwa kifuani, begi kichwani. Pweza, nadhani, alinitazama mpaka nikafika.