Cha Kwako Hukiazimi

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine habari za jioni. Asanteni kwa kuja na mvua hii ya London isiyonyesha wala kuacha. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini. Nitajitahidi, ila mwalimu mstaafu akishashika kipaza sauti, mnajua wenyewe.

Nianze na neno moja tu: kuazima. Siku hizi tunalichanganya na kukopa, lakini bibi yangu hakuwa akichanganya. Unga na sukari alikopa, kwa sababu vitaliwa, na atakachorudisha ni kingine. Kinu, mkeka, sufuria ya shughuli, hivyo aliazima, na akarudisha kilekile. Sasa ukienda kuazima kinu kwa jirani, umeshakiri mbele ya mashahidi kwamba kinu si chako. Ugomvi wa Ugiriki na Uingereza juu ya sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki, una miaka karibu mia mbili, una mawaziri na mabalozi na vitabu vya kujaza chumba hiki, na mimi naona leo umekwama hapohapo kwenye kinu cha bibi.

Hekalu lenyewe liko Athens, juu ya kilima cha mawe kinachoitwa Akropoli. Lilianza kujengwa mwaka 447 KK, zama za Pericles, kiongozi wa Athens, na kazi ya sanamu, iliyosimamiwa na mchongaji Pheidias, ikakamilika 432 KK. Jiwe ni marumaru ya mlima Penteli, hapo jirani tu. Baadaye likawa kanisa, kisha likawa msikiti. Mwaka 1687 Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani, jeshi la Venisi likalipiga kombora, katikati ya jengo pakaruka. Nalisema hili mapema ili mtu asije akasema nimelificha. Balozi Elgin, yule Mwingereza aliyezichukua sanamu, hakulikuta zima.

Lakini alikuta mengi. Juu ya kuta, ndani ya safu ya nguzo, ulizunguka ukanda wa picha za kuchongwa wenye urefu wa mita 160 hivi, kimo chake mita moja. Ni maandamano: vijana juu ya farasi, ng'ombe na kondoo wa kafara, wazee, wasichana waliobeba vyombo, na mwisho miungu wameketi wanangoja. Ni kazi moja, inaanza pembe moja ya jengo na kuzunguka. Leo mita 75 hivi ziko hapa London, sehemu kubwa ya zilizobaki iko Athens, na vipande vingine vimetapakaa Ulaya. Sanamu ya Poseidon, mungu wa bahari, kiwiliwili chake kimegawanywa: sehemu huku, sehemu kule. Mtu mmoja, miji miwili.

Vilifikaje? Elgin ni cheo, jina lake Thomas Bruce. Alipelekwa Istanbul kuwa balozi mwaka 1799, na wakati huo Ugiriki ilikuwa chini ya dola ya Waturuki. Kufika 1801 Waingereza walikuwa wanawasaidia Waturuki kuwatoa Wafaransa Misri, kwa hiyo balozi wa Uingereza alikuwa mtu wa kubembelezwa. Akapata barua. Watu huiita firmani, yaani amri ya Sultani, lakini barua yenyewe ya Kituruki haijawahi kuonekana. Tulichonacho ni tafsiri yake ya Kiitaliano. Na humo, mbali na ruhusa ya kuchora na kuchukua vipimo, kuna maneno kwamba wasizuiwe kuchukua vipande kadhaa vya mawe yenye maandishi au sanamu.

Vipande kadhaa! Mimi nimesahihisha insha miaka thelathini. Mwanafunzi akiniandikia kwamba mita 75 za ukuta ni "vipande kadhaa", namrudishia daftari. (Kicheko.) Wanasheria bado wanabishana kama maneno yale yalihusu mawe yaliyokwisha kuanguka chini, au na yale yaliyokuwa bado yamekaa mahali pake juu. Mwaka 2024, kwenye kikao cha UNESCO, mjumbe wa Uturuki alisema wao hawaijui hati yoyote iliyohalalisha ununuzi ule. Mrithi wa aliyedaiwa kutoa ruhusa anasema haijui ruhusa.

Kuna tukio moja ambalo halinitoki kichwani. Msafiri Mwingereza, Edward Daniel Clarke, alikuwapo Akropoli siku moja ambapo mafundi wa Elgin walikuwa wanateremsha jiwe la sanamu kutoka juu. Msimamizi wa kazi alikuwa mchoraji Mwitaliano, Lusieri. Ili jiwe litoke, mengine ya pembeni yalilegezwa, na yakaporomoka, marumaru ile nzuri ikatawanyika chini vipandevipande. Mkuu wa ngome, Mturuki, mtu ambaye siku zote alikuwa anapokea zawadi za akina Elgin, alikuwa amesimama anavuta kiko. Clarke anaandika kwamba alikitoa kiko mdomoni, chozi likamdondoka, akamwambia Lusieri neno moja la Kigiriki: "Telos!" Mimi nalitafsiri hivi: "Basi!"

Haikuwa basi. Kazi iliendelea miaka mingine. Vibao vya ukanda vilikuwa vizito mno kusafirisha, hivyo migongo yake ilikatwa kwa msumeno, ukabaki uso wenye picha. Meli moja, Mentor, ilizama mwaka 1802 karibu na kisiwa cha Kythera ikiwa na makasha ya sanamu, na wapiga mbizi wa sifongo kutoka visiwa vya Kigiriki walihangaika kama miaka miwili kuyaopoa. Yaani Wagiriki wenyewe ndio waliozamia kuyatoa ili yaendelee na safari.

Na yalikuwa yanakwenda wapi? Si makumbusho. Elgin alitaka kupamba nyumba yake Scotland. Bahati ikamgeuka: alishikwa Ufaransa akakaa miaka, akaachana na mkewe, madeni yakamfika shingoni. Mwaka 1816 akaiuzia serikali ya Uingereza kwa pauni 35,000, chini ya nusu ya alizodai kuwa ametumia. Kwa hiyo mtu akikwambia zililetwa hapa ili zihifadhiwe kwa faida ya ulimwengu, mwambie hayo yalikuja baadaye, baada ya mwenyewe kufilisika.

Sasa twende ndani ya makumbusho zilikowekwa, British Museum. Wengine mmeshaingia, kuingia ni bure. Ni ukumbi mrefu, mwanga unatoka juu, na ukanda umebandikwa kwenye kuta pande mbili. Wewe unasimama katikati unautazama. Angalieni vizuri jambo hili. Kule kwenye hekalu, ukanda ulikuwa upande wa nje wa ukuta, na mtazamaji aliuzunguka kwa nje, akitembea pamoja na maandamano. Hapa umegeuzwa, unatazama ndani. Ni kama kanzu iliyovaliwa kinyume, mishono nje: nguo ni ileile, lakini kila mtu anaona kuna kitu hakijakaa.

Nilikaa muda mrefu mbele ya kichwa cha farasi. Ni mmoja wa farasi wa Selene, mwezi. Kule kwenye pembe ya paa upande wa mashariki, upande huu jua lilikuwa linachomoza na farasi wake wakali, upande ule mwezi unazama. Farasi huyu amevuta gari usiku kucha. Macho yamemtoka, pua zimepanuka, mishipa ya shavuni imesimama, na taya linaning'inia, kwa sababu fundi alilichonga lipite ukingo wa paa, kana kwamba mnyama amechoka hata kichwa hawezi kukizuia. Hapa amewekwa juu ya kipande cha jiwe. Ni mzuri bado, siwezi kusema uongo. Ila anachungulia ukingo ambao haupo.

Hoja za kuyabakisha hapa mnazijua. Kwamba yangekuwa yameharibika. Hii ina ukweli: moshi wa Athens uliyala mawe yaliyobaki juu, na ukanda wa magharibi ulikaa kwenye mvua yenye tindikali hadi ulipoteremshwa 1993. Lakini London nako, mwaka 1937 na 1938, mafundi waliyakwangua kwa vyuma vya shaba ili yawe meupe, kwa sababu mfadhili wa ukumbi mpya aliyataka meupe. Marumaru ya Penteli haiwi nyeupe pee, inakomaa ikawa na rangi ya asali. Wakaikwangua ngozi. Nyani haoni kundule, samahani wazee. Halafu kuna wale wanaoshangilia kwamba mwaka 2023 makumbusho haya yalikiri vitu vyapata 2,000 vimepotea, vimeibiwa au vimeharibiwa. Mimi hoja hii siipendi. Wizi unaweza kutokea hata Athens, na kitu si chako kwa sababu tu jirani ni mzembe.

Hoja nyingine, kwamba Wagiriki hawana pa kuyaweka, iliisha mwaka 2009 walipofungua makumbusho mapya chini ya kilima. Ghorofa ya juu imezungushwa ikaelekea sawasawa na hekalu, unaliona dirishani. Ukanda uko kwa mpangilio wake, unauzunguka kwa nje. Asili ni za rangi ya asali, na pale ambapo kibao kiko London wameweka nakala ya plasta, nyeupe. Mpaka umechorwa kwa rangi, mtoto anauona. Na chini yake wako wale mabinti wa mawe waliokuwa nguzo za jengo jingine la Akropoli. Walikuwa sita. Watano wamesimama pale, na nafasi ya mwenzao imeachwa wazi. Yeye yuko hapa.

Sasa nirudi kwa bibi. Mwanamama Melina Mercouri, mwigizaji aliyekuwa waziri wa utamaduni, aliibua madai haya mbele ya UNESCO mwaka 1982. Tangu hapo jibu la London limekuwa sheria ya 1963, inayowakataza wadhamini wa makumbusho kutoa mali yao isipokuwa katika hali chache sana. Kuazimisha, ruksa. Mwaka 2014 waliiazimisha sanamu moja, Ilissos, mungu wa mto, hadi St Petersburg. Lakini Athens haiwezi kuazima, kwa sababu sharti la kuazima ni kumkiri mwenye mali, na Ugiriki ikitia saini tu, kesi imekwisha. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Naam, samahani tena, leo methali zangu zote zinakaa sehemu moja. (Kicheko.)

Tazameni wengine walivyolikwepa neno. Palermo walikuwa na kipande, mguu wa mungu wa kike. Mapema 2022 walikipeleka Athens kama cha kuazima, na kufika Juni kikawa cha kubaki. Papa Francis alikuwa na vipande vitatu. Mwaka 2023 alivitoa zawadi kwa Askofu Mkuu wa Athens, kanisa kwa kanisa, serikali zikakaa pembeni. Hakuna aliyetamka "tuliiba", wala "ni vyenu". Vitu vimefika. London na Athens nao wamekuwa wakizungumza, wanatafuta neno. Novemba 2023 Waziri Mkuu wa Ugiriki alisema kwenye televisheni kwamba ni kama kuikata Mona Lisa vipande viwili. Mwenzake wa Uingereza, Rishi Sunak, akafuta mkutano wao. Kwa maneno tu.

Mimi upande wangu mmeshaujua. Zirudishwe, na kama neno "zawadi" ndilo litakalofungua mlango, Wagiriki walimeze.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu Ngadji. Asante, mama, nilikuwa naogopa hakuna atakayeuliza. Ni ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwaka 1902, na iko katika makumbusho haya haya. Tofauti ni kwamba sanamu za Parthenon angalau zinatazamwa. Ngadji imewekwa stoo. Sheria inayoifunga ni ileile ya 1963.

Kesho ni Jumamosi, makumbusho yanafunguliwa saa nne. Chumba namba 18. Nendeni na watoto, muanze na farasi. Na mkifika kwenye ukanda, msihangaike kutafuta alama za msumeno. Ziko mgongoni, na mgongo umegeukia ukuta.