Funika Daftari, Ndipo Useme

Wazee wangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na feni: kusoma tena si kukumbuka. Nalisema hili kila nipewapo kipaza sauti, na bado Dar nzima inapitia daftari mara tano usiku wa kuamkia mtihani.

Mwaka 2008 wanasaikolojia Karpicke na Roediger, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo jozi 40 za maneno. Ya lugha gani? Kiswahili chetu! Mashua na wenzake, kila moja na maana yake kwa Kiingereza. Wote waliyapata yote. Ila neno likishapatikana mara moja, baadhi waliendelea kuulizwa, wengine wakawa wanalisoma tu. Baada ya wiki 1, walioulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Waliosoma tu, kama 35. Sasa wewe unayeniambia "nimesoma mpaka limeingia", limeingia wapi? Kulitambua neno ukiliona ni jambo moja. Kulitoa kichwani halipo mbele yako ni jingine, na mtihani, usaili, hata Kariakoo, vyote vinataka hilo la pili.

Basi chukua maneno 10, si 40. Yasome kwa sauti mara moja, funika, yataje. Ukikwama, vumilia sekunde 10; wengi huharibu hapa, wanachungulia mapema. Kisha fungua usahihishe palepale, maana kosa likiachwa ndilo linalokaa. Rudia baada ya dakika 10, kesho, siku ya 3, ya 7. Na lile ulilokwisha kulipata usilistaafishe!

"Lakini mwalimu, mimi nasahau ya kuambiwa." Ni yaleyale. Mtu anakuelekeza: shuka Mwenge, vuka barabara, ingia uchochoro wa pili kushoto, ulizia duka la dawa. Wewe "sawa, sawa", macho kwenye simu. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Peterson na mkewe waliwapa watu herufi 3 tu, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma kwa tatu tatu. Sekunde 18 zikipita, herufi karibu zote zimekwenda. Kwa hiyo mrudishie maelekezo yake kabla hujasema asante. Yakizidi manne, mkatize, rudia, ndipo aendelee.

Mengine haraka, muda umekwisha. Jina la mtu: litumie mara tu ukitajiwa, na tena unapoaga. Namba ya simu: nne, tatu, tatu. Usingizi tutauzungumza siku nyingine, ila msikeshe.