Lipu Mbichi na Mshahara wa Wiki: Michoro ya Coit Tower, 1934

Mabibi na mabwana, jioni ya leo tuitazame michoro hii kama kibarua, maana ndivyo ilivyolipiwa.

Desemba 1933, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka, serikali ya Rais Roosevelt ilianzisha mradi wa sanaa za umma, PWAP. Ulidumu hadi Juni 1934 tu, lakini uliajiri wasanii wapatao 3,700. Walilipwa kwa wiki, si kwa picha. Kazi yake kubwa kuliko zote ilifanyika San Francisco, ndani ya Coit Tower, mnara wa zege uliokamilika 1933.

Wengi walichora juu ya lipu mbichi. Lipu ya chini hupigwa nzito na kukwaruzwa ili ya juu ishike. Kila asubuhi fundi hupaka lipu ya mwisho, nyembamba, kipande kile tu kitakachomalizika siku hiyo. Chokaa iwe imelowekwa muda mrefu (waliokulia Lamu au Mji Mkongwe hawahitaji kuambiwa). Punje ambayo haijaiva itavimba ukutani na kuacha kishimo katikati ya shavu la mtu. Mchoro wa karatasi hutobolewa matundu kwenye mistari, ukashikizwa ukutani na kupigwapigwa kwa kifuko cha vumbi la mkaa, ili mistari ihamie kwenye lipu.

Rangi yenyewe ni unga uliosagwa kwa maji, bila gundi. Chokaa ikikauka huvuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, rangi ikinaswa humo humo. Si kila rangi inaivumilia: buluu ya Prussia huungua ikawa kahawia. Na muda ni saa chache. Ukichelewa, rangi hubaki juu kama vumbi, ukipitisha kidole inatoka. Hapo hakuna kurekebisha, unabandua lipu na kuanza upya kesho. Jioni lipu iliyozidi hukatwa kwa mshazari, kwa kufuata mstari wa bega au ukingo wa meza, ili kiungo kisionekane.

Basi simameni mbele ya ukuta wa Victor Arnautoff wa maisha ya mjini, mtafute viungo hivyo. Kila kipande ni siku moja ya mshahara. Kwa maoni yangu, malipo ya wiki yaliufaa ukuta wa namna hii kuliko malipo ya picha: anayelipwa kwa picha angeshawishika kuharakisha, na chokaa haiharakishwi.

Siasa nayo iliingia. Wafanyakazi wa bandari waligoma mwaka huohuo wa 1934, magazeti yakapigia kelele michoro iliyoonyesha maandishi ya mrengo wa kushoto, na nyundo na mundu, alama ya ukomunisti, alivyochora Clifford Wight vikafutwa. Mnara ukafunguliwa kwa umma Oktoba.

Adui aliyebaki ni maji. Yakipenya kwenye zege huyeyusha chumvi. Chumvi ikifika usoni mwa ukuta huganda na kuisukuma rangi nje, ikamenyeka magamba. Ndiyo maana mrekebishaji mwenye akili huanza na dari na madirisha kabla hajashika brashi.