Dagaa wa Kariba ni wa Kigoma, au si wa Kigoma?

ISSA: Karibu nyumbani, dada'angu. Wiki nzima simu yangu haikupumzika. "Neema kafika? Neema kafika?"

NEEMA: Nimefika jana usiku na miguu bado imevimba. Dar hadi Livingstone kwa basi, kurudi kwa basi. Usicheze.

ISSA: Tuanze na Tunduma. Ile sauti uliyonitumia nilimsikilizisha mke wangu, akasema mwambie Neema apande ndege arudi.

NEEMA: Jamani, Tunduma! Nimekata tiketi hapa Dar, nimemuuliza wa dirishani zaidi ya mara moja: basi hili linafika Lusaka? "Moja kwa moja, dada, wewe kaa utulie." Kampuni siitaji. Tumefika Tunduma, konda anapita anagonga viti: "Abiria wa Lusaka shusheni mizigo, basi lenu liko upande wa pili." Upande wa pili ndiyo Nakonde, Zambia tayari. Na hilo "basi lenu" hakuna aliyekuwa analijua hata rangi.

ISSA: Ukafanyaje?

NEEMA: Nilimkaba konda. Kwa adabu, lakini nilimkaba. Nikamwambia, kaka yangu, tiketi imeandikwa Lusaka, basi wewe mwenyewe utanisindikiza mpaka kwenye hicho kiti. Na alinisindikiza. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima wa Vwawa, anakwenda kwa mwanawe Kabwe, ana mizigo hajui aanzie wapi. Nikasema huyu naye twende naye. Konda akabeba begi la mama kichwani.

ISSA: Na uhamiaji wenyewe?

NEEMA: Uhamiaji haukunipa shida hata kidogo, na hili nataka watu walisikie. Tangu 2019 pale kuna kituo cha pamoja. Ukienda Zambia husimami upande wetu kugonga muhuri wa kutoka halafu ukapange foleni nyingine. Unavuka, unaingia jengo la Nakonde, afisa wa Tanzania anakugongea kutoka, unasogea dirisha linalofuata, wa Zambia anakugongea kuingia. Ukirudi, yote yanafanyika Tunduma. Na Mtanzania haombi viza. Pasipoti tu.

ISSA: Rudia hapo.

NEEMA: Haombi viza! Zambia, Zimbabwe, unaingia na pasipoti yako. Hiyo pasipoti ya kielektroniki ya shilingi 150,000 ambayo watu wameifungia kabatini wanasubiri safari ya Ulaya, Ulaya kwenyewe hawaendi. Inaniuma kweli. Mtu anaweka picha ya Paris kwenye simu miaka na miaka, na Maporomoko ya Victoria, yenye upana wa mita 1,708, yako hapa jirani, pale Livingstone, barabara ya lami mlangoni mpaka mlangoni.

ISSA: Mlangoni baada ya kilomita elfu mbili na ushee.

NEEMA: Zaidi ya mia tisa Dar mpaka Tunduma, kama elfu moja Nakonde mpaka Lusaka, halafu karibu 480 mpaka Livingstone. Ndiyo maana tunasema kupanga.

ISSA: Na leo tulipanga kupanga. Wasikilizaji, Neema kaja na karatasi. Mambo manne ya kuweka sawa kabla ya safari ya nje unayojipangia mwenyewe, bila wakala. La kwanza fedha. Soma.

NEEMA: Fedha. Pale mpakani kuna vijana wa kubadilisha hela, wamekuzunguka kabla hujashuka ngazi ya basi. Ijue bei ya kwacha, hela ya Zambia, kabla hujatoka nyumbani, na zijue noti kwa sura. Zambia walikata sifuri tatu mwaka 2013, kwa hiyo noti ya maelfu ni karatasi tu. Halafu Machi 31, 2025 wakatoa noti mpya kabisa, zikiwemo za 200 na 500, ambazo hazikuwepo. Fungua tovuti ya Benki Kuu yao, zitazame. Mimi nilibadilisha ya kula na ya teksi tu pale, nyingine nikatoa kwenye mashine Lusaka.

ISSA: Ya kula. Ulikula nini?

NEEMA: Issa, tusiingie huko.

ISSA: Tumeshaingia. Umenitumia picha ya sahani, hukuandika chochote.

NEEMA: Haya. Niko Soweto Market, Lusaka, njaa inaniuma. Mama ananiwekea nshima, mwenzake na ugali wetu ila laini kidogo, na pembeni anamwaga dagaa. Wadogo, wanang'aa kama fedha, wamekaangwa na nyanya na kitunguu mpaka mkia unavunjika mdomoni. Nikafumba macho. Nikasema hawa ni dagaa wa Kigoma.

ISSA: Si wa Kigoma.

NEEMA: Mmesikia? Sijamaliza sentensi.

ISSA: Wale ni kapenta, ndivyo wanavyoitwa kule, wa Ziwa Kariba. Mimi nimezaliwa Ujiji, dada'angu. Kuna vitu naweza kukuachia, dagaa sikuachii.

NEEMA: Nami nilijua utasema hivyo, nikasoma usiku kucha kwenye basi. Kariba si ziwa la asili. Ni bwawa, ukuta ulikamilika 1959, Zambezi ikajaa nyuma yake. Maji mapya, mapana, yana kina, na samaki wa mtoni hawakuweza kuishi huko katikati. Ziwa tupu. Sasa miaka ya 1967 na 1968 wakaenda Ziwa Tanganyika, upande wa Zambia, wakachukua vifaranga wa dagaa, wakawapakia kwenye ndege, wakawamwaga Kariba.

ISSA: Kwa ndege.

NEEMA: Kwa ndege! Dagaa wa kwenu wamepanda ndege kabla ya ukoo wangu mzima. Wakazaana mpaka wakawa kitoweo cha nchi mbili, Zambia na Zimbabwe. Wanavuliwa usiku kwa taa, kama kwenu.

ISSA: Umesema upande wa Zambia. Basi si Kigoma.

NEEMA: Ziwa ni moja! Samaki anajua mpaka?

ISSA: Sikiliza na mimi. Dagaa wetu Kigoma wako wa aina mbili wanaochanganyika wavuni. Aliyepelekwa Kariba ni aina moja tu, yule anayekua mkubwa zaidi. Na alipofika Kariba akadumaa. Wa Kariba hafikii umbo la wa Tanganyika, hilo hata wataalamu wa samaki wameliandika. Maji tofauti, chakula tofauti, umbo tofauti. Sasa unaniambia ni yuleyule?

NEEMA: Mtoto akizaliwa ugenini akawa mfupi, mnamfuta kwenye ukoo?

ISSA: Simfuti. Lakini simuuzi Kariakoo kwa bei ya Kigoma!

NEEMA: Na hujui hili: hawakuishia Kariba. Walipita kwenye mitambo ya umeme, wakashuka na Zambezi mpaka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Leo wanavuliwa kule.

ISSA: Hilo silikatai. Hao ndio wasafiri wa kujitegemea. Hawakuwa na viza, hawakuwa na kitanda walichokilipia, wameondoka na maji. Na hapo, Neema, ndipo ninapokuja kwenye jambo la pili la karatasi yako, maana nimelisoma na sikubaliani nalo.

NEEMA: Jambo la pili: pa kulala kila usiku pawe pamepangwa na kulipiwa kabla hujaondoka.

ISSA: Kila usiku?

NEEMA: Kila usiku.

ISSA: Mimi nasema usiku wa kwanza tu. Barabara ile ina foleni ya malori Tunduma ambayo hakuna mtu anaweza kukuambia itaisha saa ngapi. Na mwenye kupenda treni ya TAZARA ndiyo kabisa: kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, na Kapiri si Lusaka, bado unatafuta basi. Ukichelewa usiku mmoja, vitanda vyote ulivyolipia mbele vinaanguka kimoja baada ya kingine. Hela imekwenda.

NEEMA: Vingine vinarudishwa hela ukighairi mapema.

ISSA: Mapema uko porini Mpika, mtandao hakuna, utaghairi na nini? Halafu niambie ukweli. Livingstone ulikwenda Oktoba. Maji upande wa Zambia yalikuwaje?

NEEMA: Mwamba. Sehemu kubwa ni mwamba mkavu, maji yako pembeni. Oktoba na Novemba huwa hivyo. Mkitaka maji yaliyojaa, nendeni Aprili hivi, ila mtalowa na kwa ule mvuke bondeni hamtaona kitu.

ISSA: Na upande wa Zimbabwe?

NEEMA: Kule maji hayakatiki mwaka mzima.

ISSA: Ulivuka?

NEEMA: Nilifika darajani, pale mpakani mwa Zambia na Zimbabwe.

ISSA: Ulivuka, Neema?

NEEMA: Daraja la 1905, mita 128 juu ya maji, nimesimama katikati na korongo lote nimeliona. Sikuvuka kwa sababu Lusaka kulikuwa na kitanda changu na tiketi ya asubuhi.

ISSA: Basi! Umesafiri kilomita elfu mbili na ushee, huhitaji viza, maporomoko yenyewe yanamwagika kule mbele unayasikia, unageuka kwa sababu ya kitanda.

NEEMA: Issa, sasa nisikilize mimi, na usinikatishe. Basi letu limefika Intercity Lusaka usiku mkubwa. Stendi ile, taa chache, wapiga debe kumi wanakuita "sister, sister" kila mmoja anavuta begi lako upande wake. Wewe ungeshuka pale ukanywa chai, ukauliza gesti iko wapi, ukaenda. Mimi nilishuka nina jina la gesti, namba ya simu, mwenyewe ananisubiri na teksi anayemfahamu. Nilipita katikati ya wale watu kama mwenyeji. Hicho kitanda ndicho kilichonipa miguu.

ISSA: Huo ni usiku wa kwanza Lusaka. Huo nimekubali.

NEEMA: Na wa kurudi? Ni stendi ileile, giza lilelile. Na mama yangu Iringa ana karatasi yenye tarehe, gesti, simu. Siku nikinyamaza anajua aanze kupiga wapi. Ya kwako ingeandikwaje? "Issa yuko Zambia"?

ISSA: Ningempigia kila jioni.

NEEMA: Porini Mpika mtandao hakuna, umesema mwenyewe.

ISSA: Sawa, lakini wewe unafanya kanuni ya kila mtu kutokana na stendi moja. Mpango ukishafungwa hivyo, nchi huioni. Yule mama wa Vwawa alikukaribisha Kabwe kwa mwanawe, ulinisimulia. Ulikwenda?

NEEMA: Sikwenda.

ISSA: Kwa nini?

NEEMA: Ulijua jibu kabla hujauliza. Na sijutii. Mwanamke akisafiri peke yake kwa mara ya kwanza, simwambii afuate karibu ya basini. Nikimwambia hivyo kwenye kipindi na likamkuta jambo, nitalala?

ISSA: Na mimi nikimwambia alipie kila usiku, asiye na hela za kulipa mara mbili hatoki kabisa. Huyo naye ni msikilizaji wetu.

NEEMA: Atadunduliza miezi miwili zaidi.

ISSA: Au hatakwenda milele.

NEEMA: Hapo sikufuati.

ISSA: Wala mimi sikufuati. Mtuandikie nyie. Kina dada hasa.

NEEMA: Hasa waliofika Intercity usiku. Haya, jambo la tatu, saa. Zambia wako nyuma yetu saa moja, na tiketi wanaandika kizungu. Ukiona 14:00 ni saa nane mchana ya kwao, wakati simu ambayo haijajibadilisha inakuambia saa tisa.

ISSA: Dakika ngapi zimebaki? Fundi ananionyesha vidole viwili.

NEEMA: Vidole viwili! Tumekula muda wote kwa dagaa.

ISSA: Kwa kapenta.

NEEMA: Issa!

ISSA: Jambo la nne lilikuwa bima na afya, hiyo peke yake ni kipindi kizima. Sema moja tu.

NEEMA: Moja tu, kadi ya homa ya manjano. Chanjo inaanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo usikimbilie hospitali usiku wa kuamkia safari. Tangu Julai 2016 kadi inahesabika maisha yote, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Itunze pamoja na pasipoti, piga picha zote mbili, mtumie mtu wa nyumbani.

ISSA: Na wa treni, piga simu stesheni wakuambie kama wiki hiyo inaondoka, ndipo uombe likizo kazini.

NEEMA: Na wa basi, muulize wa dirishani: tunabadilisha basi Tunduma au hatubadilishi? Akuandikie kwenye tiketi. Kwa mkono wake, na...

ISSA: Fundi amekunja ngumi, Neema. Wiki ijayo.