Maikrofoni ya Uwanjani ni ya Nani?

Bwana Yesu asifiwe. Walionisikia huko nyuma wanajua naelekea wapi, wanivumilie: sala ya uwanjani isiwe ya kumlazimisha mtu.

Kila tukigusa sala uwanjani, haikosi mtu wa kulalamika kwamba wasioamini wametunyang'anya maombi. Haya, twendeni Santa Fe, Texas. Sekondari ya umma, mechi za mpira wa Kimarekani, mwanafunzi anaomba kwa kipaza sauti kabla ya mchezo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2000 majaji 6 dhidi ya 3 wakasema utaratibu ule unavunja katiba. Niambieni, nani walishtaki? Wapagani? Hata! Familia mbili: moja ya Kikatoliki, nyingine ya Kimormoni, yaani ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Mbona kimya?

Kumbukumbu za kesi zinaeleza kwamba mwalimu aligawa darasani vipeperushi vya mkutano wa uamsho wa Kibaptisti. Binti mmoja akauliza: asiye Mbaptisti anakaribishwa? Mwalimu akataka kujua dini yake. Mmormoni, akasema. Basi mwalimu akaanza kuiponda dini ya mtoto mbele ya wenzake. Familia hizo ziliruhusiwa kushtaki bila kutaja majina, zisije zikasumbuliwa. Zisumbuliwe na nani? Na watu wa maombi!

Najua kuna anayenong'ona kwamba Wamormoni si wenzetu. Sawa, na Wakatoliki je? Na yule binti, hata angekuwa hana dini kabisa, ndivyo anavyohubiriwa?

Mwingine atasema wanafunzi walipiga kura ya kama sala iwepo na nani aiongoze. Ndiyo, shule iliweka kura baadaye. Wengi wape, tunasema. Lakini wengi wakipewa kila msimu, mchache ataomba lini? Mnaipenda kura hiyo kwa kuwa mnajihesabu mko wengi. Hamieni mji ambao hamko wengi, halafu mje tuongee.

Joseph Kennedy, kocha wa mpira wa Kimarekani katika sekondari ya umma ya Bremerton, jimbo la Washington, aliyekuwa akipiga magoti kuomba uwanjani baada ya mechi, nitampitia haraka. Mwaka 2022 alishinda Mahakama ya Juu, 6 kwa 3 tena, na makanisa yakashangilia. Haki yake ya kupiga magoti sibishani nayo. Ila mzazi mmoja alilalamika kwamba mwanawe, asiyeamini Mungu, alijiunga na sala kwa kuogopa kupunguziwa nafasi ya kucheza. Huyo tumemleta kwa Yesu, au tumemfundisha kuigiza?

Linganisheni na Cincinnati, Januari 2, 2023. Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Buffalo Bills, ameanguka katikati ya mechi, moyo umesimama, wachezaji wenzake wakapiga magoti. Hakuna aliyepigia kura sala ile, wala hakuna aliyewekwa benchi kwa kutoomba. Hapo nilikuwa na mengi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Eric Liddell, mwanariadha wa Uskoti aliyekataa kukimbia Jumapili kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, basi tena, leo hatumfikii. Maswali. Wanaomtetea Kennedy waanze, naona mmekunja sura.