Palapa: Umoja Uliorushwa Kutoka Jakarta

Mheshimiwa mwenyekiti, wanazuoni wenzangu, mabibi na mabwana,

Waliokwisha kunisikia nikiizungumzia Indonesia waniwie radhi, kwa sababu nitaizungumzia tena, na sitaacha mpaka wapangaji wetu wa mawasiliano waache kuniambia kwamba setilaiti huunganisha taifa kama saruji iunganishavyo matofali.

Setilaiti ya Indonesia, Palapa A1, ilirushwa kutoka Cape Canaveral, Marekani, tarehe 8 Julai 1976. Tarehe 16 Agosti, mkesha wa sikukuu ya uhuru, Rais Suharto aliuzindua mfumo mzima pamoja na vituo vyake 40 vya ardhini, na Indonesia ikawa nchi ya kwanza inayoendelea kumiliki setilaiti ya mawasiliano ya ndani. Jina lilichaguliwa na Suharto mwenyewe, nami naomba tulikalie. Inasimuliwa kwamba Gajah Mada, waziri mkuu wa dola ya Majapahit katika karne ya 14, aliapa kutoionja palapa, ambayo wengi huieleza kuwa kiungo cha chakula, mpaka visiwa vyote vitiwe chini ya dola hiyo. Kitazameni kiapo chenyewe: ni kiapo cha mshindi, na hakuna mahali ambapo watu wa visiwa hivyo wanaulizwa iwapo wanataka kuunganishwa. Msidhani ninachezea historia ya kale. Mnamo Desemba 1975 jeshi la Indonesia lilikuwa limeivamia Timor ya Mashariki, na tarehe 17 Julai 1976, siku tisa baada ya setilaiti kurushwa na kabla haijazinduliwa, Suharto alitia saini sheria ya kuifanya nchi hiyo kuwa mkoa wa 27. Timor ikakaa chini ya mawimbi ya Palapa na ya warithi wake kwa zaidi ya miaka 20. Katika kura ya tarehe 30 Agosti 1999, asilimia 78.5 walichagua kuondoka.

Najua mhandisi mmoja hapa ameshainua kalamu. Atasema kwamba setilaiti iliyo kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta haijali umbali wala bahari, na kwamba kuifikia Merauke, huko Papua mashariki ya mbali, hakuwi ghali kuliko kuifikia Bandung iliyo karibu na Jakarta. Ni kweli kabisa, na kwa funguvisiwa lenye maelfu ya visiwa hilo si jambo dogo. Hata hivyo, chaneli ileile ya setilaiti iwezayo kubeba picha moja ya televisheni ingeweza kubeba mamia ya mazungumzo ya simu. Mtu wa Ambon, katika visiwa vya Maluku, anayempigia nduguye Surabaya, kisiwani Java, anasema na kujibiwa, ilhali mtu wa Ambon anayetazama taarifa ya habari ya TVRI, televisheni ya serikali, anasikiliza tu. Bila shaka Palapa ilibeba simu pia. Ugomvi wangu ni na wanasiasa ambao, kila wanapotaja umoja, humaanisha ile picha inayoteremka kutoka mji mkuu.

Kuna atakayenijibu kwamba televisheni ilieneza lugha ya taifa, Kiindonesia. Ilisaidia, sikatai. Lakini vijana walioikubali lugha hiyo katika kiapo chao cha mwaka 1928 hawakuwa na televisheni hata moja, na baadaye shule ndizo zilizobeba mzigo mkubwa. Zaidi ya hayo, serikali yenyewe iliogopa mbegu ilizozipanda: mwaka 1981 matangazo ya biashara yalipigwa marufuku TVRI, kwa hofu kwamba yangewasha tamaa za wanavijiji wasiokuwa na uwezo wa kununua vilivyotangazwa. Wanavijiji walikuwa wameunganishwa vya kutosha kuona maduka ya Jakarta, ila si vya kutosha kuiambia Jakarta bei wanayolipwa kwa karafuu zao.

Muda unanisonga. Kuhusu aliye na uwezo wa kuyazima mawasiliano, nitaje tu kwamba mwezi Agosti 2019, maandamano yalipopamba moto Papua, serikali ilizima intaneti katika eneo hilo, na mwaka uliofuata mahakama mjini Jakarta ikaamua kwamba kitendo hicho kilikuwa kinyume cha sheria.

Kwa hiyo wizara yoyote itakapoleta mpango wa setilaiti ya umoja, msianze na swali la gharama za roketi. Ulizeni ni vituo vingapi vya mikoani vitakavyorusha vipindi vyao wenyewe kwenda nchi nzima, ni nani atakayeviendesha, na ni nani mwenye mamlaka ya kuvizima. Majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla haujatiwa saini.